Kura za Kawangware, viti vya wengine: vyama vidogo na haja ya kurekebisha hesabu ya uchaguzi

Uchaguzi Mkuu wa Desemba 1997 ulipomalizika, mitaa miwili mikubwa ya watu wa kipato cha chini jijini Nairobi ilijikuta ikiwakilishwa bungeni na vyama vidogo. Kibera, iliyokuwa sehemu ya eneobunge la Lang'ata, ilimrudisha Raila Odinga kwa tiketi ya National Development Party (NDP). Kawangware, iliyokuwa sehemu ya eneobunge la Dagoretti, ilimchagua Beth Mugo kwa tiketi ya Social Democratic Party (SDP). Miaka mitano baadaye, hakuna hata kimoja kati ya vyama hivyo kilichokuwa na mbunge. NDP kilikuwa kimemezwa na KANU, na SDP kiliambulia sufuri.

Makala haya yanaeleza jinsi vyama hivyo vilivyopanda na kushuka, jinsi kanuni za uchaguzi nchini Kenya zinavyogeuza kura kuwa viti, na kwa nini kanuni hizo zinahitaji kurekebishwa. Ni habari ya Nairobi, lakini inatuhusu sisi wa Pwani pia. Shirikisho ilipita njia hiyo hiyo, na vyama vya Pwani vya leo vinaipita sasa.

Mwaka wa Masaa na Tinga

SDP kilikuwa chama kidogo tangu mwanzo. Kilipata nguvu mwaka 1997 pale Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati aliyechaguliwa 1992 kwa tiketi ya DP, alipohamia kwake na kugombea urais. Yeye na Wangari Maathai, aliyesimama kwa tiketi ya Liberal Party, ndio wanawake wa kwanza kugombea urais wa Kenya. Kampeni ya Ngilu ilijulikana kwa neno moja tu, "Masaa", na ilivutia watu mbali na nyumbani kwake Ukambani. Wasomi kama Peter Anyang' Nyong'o na Apollo Njonjo walikuwa miongoni mwa waliokijenga chama hicho.

Ngilu alimaliza wa tano, akiwa na takriban asilimia 8 ya kura. SDP kilipata wabunge 15 kati ya 210. Viti vingi vilitoka Ukambani, na ushindi wa Dagoretti ulikuwa mojawapo ya ishara chache kwamba chama hicho kingeweza kuvuka mipaka ya kabila. Wapigakura wa Kawangware, Riruta na Waithaka walikuwa wamezoea kuchagua upinzani, kwani mwaka 1992 walikuwa wamempa kiti hicho mgombea wa FORD-Asili.

NDP, kilichojulikana kwa nembo yake ya trekta, yaani "Tinga", kilipata wabunge 21. Raila alikuwa amehamia huko kutoka FORD-Kenya, akajiuzulu kiti chake na kukishinda tena katika uchaguzi mdogo wa Lang'ata wa Machi 1997. Katika kinyang'anyiro cha urais alimaliza wa tatu, akiwa na karibu asilimia 11 ya kura.

Ukitazama takwimu hizo haraka haraka, utasema hakuna aliyedhulumiwa. Chama cha asilimia 8 kilipata karibu asilimia 7 ya viti, na cha asilimia 11 kikapata asilimia 10. Siri iko kwenye ramani. Vyama hivyo vilipata viti kwa sababu wafuasi wao wengi waliishi pamoja, wa SDP Ukambani na wa NDP Nyanza. Kama kura zilezile zingetawanyika nchi nzima, kila eneobunge likatoa wafuasi wachache, huenda vyama hivyo visingepata hata viti vitano.

Hili ndilo jambo la kushika. Kanuni yetu ya uchaguzi haiulizi chama kina wafuasi wangapi. Inauliza wanaishi wapi.

Jinsi vilivyotoweka

Chama kinachotegemea ngome moja hakina uhai mrefu. Ngome ikihama na kiongozi wake, chama kinabaki jina tu. Ngilu alipoondoka SDP na kuunda National Party of Kenya, ngome ya Ukambani haikubaki nyuma. Beth Mugo alitetea kiti cha Dagoretti mwaka 2002 kwa tiketi ya NARC, akashinda. James Orengo alipeperusha bendera ya SDP kwenye urais mwaka huo na kupata chini ya asilimia moja. Chama kilichokuwa na wabunge 15 kikabaki bila hata mmoja.

NDP nacho kilishirikiana na serikali ya KANU, kisha vyama hivyo viwili vikaungana rasmi Machi 2002. Ndoa hiyo haikumaliza mwaka. Raila na wenzake walitoka KANU wakaingia LDP, na kupitia LDP wakajiunga na NARC iliyoshinda Desemba.

Mwananchi wa Kibera au Kawangware aliyefuata chama kwa sababu ya sera zake aliachwa njiani. Viongozi walikuwa na busara yao, kwani chini ya kanuni iliyopo chama kidogo kikisimama peke yake hufa, na kikijiunga na kikubwa humezwa. Lakini tukiendelea kuwalaumu wanasiasa kwa kuhamahama bila kutazama kanuni inayowasukuma, tutalaumu daima.

Hesabu yenyewe

Kenya ilirithi kutoka Uingereza kanuni ya aliye na kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, hata kama hakufikisha nusu. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Katika eneobunge moja, kila watu 100 wakipiga kura, mgombea wa kwanza apate 34, wa pili 33 na wa tatu 33. Wa kwanza huenda bungeni. Watu 66 kati ya 100 walitaka mwingine, na kura zao zinaishia hapo.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu akiwa na takriban asilimia 36 ya kura, kwa kuwa upinzani uligawanyika, na KANU ikapata viti 100 kati ya 188 vilivyogombewa, yaani zaidi ya nusu. Mwaka 1997 alishinda tena akiwa na kama asilimia 40, na KANU ikachukua viti 107 kati ya 210.

Katiba ya 2010 ilitibu sehemu moja ya ugonjwa huo. Rais sasa lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 au zaidi. Lakini ubunge, useneta, ugavana na uwakilishi wadi vilibaki na kanuni ya zamani.

Kibra inatupa mfano wa karibu zaidi. Baada ya kifo cha mbunge Ken Okoth mnamo Julai 2019, uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 7 Novemba mwaka huo. Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636, McDonald Mariga wa Jubilee 11,230, na Eliud Owalo wa ANC 5,275. Mshindi alishinda kihalali, tena kwa zaidi ya nusu, na uchaguzi wa kiti kimoja hauwezi kutoa washindi watatu. Lakini tazama kura zile 5,275 za chama kidogo. Hata katika uchaguzi mkuu, kura kama hizo zikikusanywa kutoka Kibra, Kawangware, Likoni na Kisauni, hakuna pahala katika sheria zinapojumlishwa ili zitoe kiti. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwenye uchaguzi wetu kila haba humwagwa peke yake, na kibaba hakijai.

Neno moja katika Kifungu cha 90

Msomaji anaweza kuuliza: si kuna viti vya uteuzi kwa ajili hiyo? Vipo. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti, na wabunge 12 wa kuteuliwa na vyama. Seneti ina viti vya orodha vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mabunge ya kaunti nayo yana viti maalum vya kusawazisha jinsia na kuwakilisha makundi yaliyotengwa.

Tatizo liko kwenye njia ya kuvigawa. Kifungu cha 90 cha Katiba kinasema viti vya orodha hugawiwa vyama kwa kulingana na idadi ya viti walivyoshinda wagombea wao. Kinasema viti, hakisemi kura. Kifungu cha 177, kinachohusu mabunge ya kaunti, kinafuata mkondo huohuo.

Kwa hiyo chama kilichokosa viti kwa sababu wafuasi wake wametawanyika huadhibiwa mara mbili, kwanza kwenye debe, kisha kwenye orodha. Na chama kikubwa, ambacho tayari kimepata viti vingi kuliko kura zake, huongezewa vingine.

Tuseme chama fulani kinapata asilimia 8 ya kura katika kila wadi kati ya wadi 85 za Kaunti ya Nairobi, kuanzia Gatina na Kabiro hadi Sarang'ombe na Laini Saba. Hakitashinda wadi hata moja, na kwa kuwa hakina wadi, hakitapata hata kiti cha uteuzi. Kama viti vingefuata kura, chama hicho kingestahili wawakilishi kama saba. Tofauti ya sufuri na saba inatoka kwenye neno hilo moja.

La kushangaza ni kwamba kwenye pesa sheria imekubali kuhesabu kura. Tangu Sheria ya Vyama vya Siasa iliporekebishwa mwaka 2022, asilimia 70 ya Hazina ya Vyama vya Siasa hugawanywa kwa kufuata jumla ya kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi mkuu. Ikiwa kura zinatosha kugawia fedha za umma, kwa nini zisitoshe kugawia viti vya orodha?

Pwani katika kioo hichohicho

Mwaka huohuo wa 1997, Shirikisho Party of Kenya ilipata kiti kimoja cha ubunge, Likoni, kupitia Suleiman Shakombo. Ilikuwa miezi michache tu baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti. Chama hicho kilidai utawala wa majimbo, dai lililokuwa na wafuasi kutoka Vanga hadi Lamu. Lakini wafuasi waliotawanyika hawakutoa viti, na mwaka 2002 Shirikisho ilipata tena kiti kimoja tu. Kabla ya hapo, Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili mwaka 1992, ikashindwa hata kufika kwenye debe kwa jina lake.

Katika uchaguzi wa 2022, Pamoja African Alliance (PAA) ya Amason Kingi ilisimamisha wagombea katika eneo letu. Chama kilitia saini na Azimio, kisha kikahamia Kenya Kwanza kabla ya uchaguzi. Kiti cha ugavana wa Kilifi kilikwenda kwa Gideon Mung'aro wa ODM, lakini Kingi akawa Spika wa Seneti. Vivyo hivyo Eliud Owalo, aliyemaliza wa tatu Kibra mwaka 2019, aliingia Baraza la Mawaziri mwaka 2022 kwa kuwa upande wa muungano ulioshinda.

Hakuna haramu hapo. Lakini tuone somo lake. Faida ya chama kidogo leo hupatikana kwenye meza ya miungano kabla ya uchaguzi, ambako kiongozi huketi peke yake. Mwanachama aliyepanga foleni tangu alfajiri Ganze au Kawangware hana kiti kwenye meza hiyo.

Kuna upande mwingine ambao sisi wa Pwani tunapaswa kuusema kwa haki. Mipaka ya maeneobunge pia haiko sawa, na hapo baadhi yetu ndio tunaonufaika. Kwa sensa ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na maeneobunge 17, yaani watu wapatao 258,000 kwa kila mbunge. Lamu ilikuwa na watu 143,920 na maeneobunge mawili, yaani wapatao 72,000 kwa kila mbunge. Katiba inaruhusu tofauti kwa sababu kama maumbile ya nchi na njia za mawasiliano, na Lamu ina sababu zake. Lakini mkazi wa Kawangware ana haki ya kuuliza mbona kura yake ni nyepesi kiasi hicho. Viti vya orodha vinavyofuata kura vingempunguzia mzigo huo bila kufuta eneobunge hata moja la Pwani.

Mapendekezo yaliyowahi kutolewa

Kurekebisha kanuni si jambo geni Kenya. Upigaji kura wa mlolongo wa 1988 ulitupwa. Mwaka 1997, mazungumzo ya IPPG yaliondoa mikononi mwa Rais uwezo wa kuwateua peke yake wabunge 12, nafasi hizo zikaanza kugawiwa vyama. Ndiyo sababu SDP ilipata nafasi ya kumteua Nyong'o.

Tume ya Yash Pal Ghai, katika rasimu yake ya 2002, ilikwenda mbali zaidi. Ilipendekeza mfumo wa mseto, wenye wabunge 210 wa maeneobunge na wengine 90 wa orodha, ili idadi ya wabunge wa kila chama ikaribiane na kura zake. Pendekezo hilo halikuingia katika Katiba ya 2010.

Mwaka 2019 chama kidogo cha Thirdway Alliance cha Ekuru Aukot kilikusanya zaidi ya saini milioni moja za mswada wa Punguza Mizigo. Ulilenga kupunguza wabunge na maseneta kutoka 416 hadi 147, kila kaunti ikichagua mwanamume mmoja na mwanamke mmoja katika Bunge la Taifa. Mabunge ya kaunti yaliukataa. Ungepunguza gharama na kusaidia usawa wa jinsia, lakini ungeacha kanuni ya mwenye kura nyingi kushinda, tena katika maeneo makubwa zaidi, ambako chama kidogo kingepata taabu hata zaidi. Mswada wa BBI nao ulitaka kuongeza maeneobunge 70, ukazimwa na mahakama, uamuzi wa mwisho ukitolewa na Mahakama ya Juu Machi 2022. Mmoja ulitaka kupunguza viti na mwingine kuviongeza, na yote miwili iliiacha kanuni ya kuhesabu ubunge wa maeneo kama ilivyokuwa.

Walikojaribu wengine

Lesotho inafundisha zaidi. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata karibu asilimia 60 ya kura, lakini kikachukua viti 79 kati ya 80. Upinzani ulikataa, mji mkuu Maseru ukawaka, na majeshi ya nchi jirani yakaingia. Baada ya mazungumzo, uchaguzi wa 2002 ulifanyika kwa mfumo wa mseto. Viti 80 vya maeneo vilibaki, vikaongezwa 40 vya kufidia vyama vilivyopata kura bila viti. Chama kikuu cha upinzani, BNP, kilipata 21 kati ya hivyo 40.

Tanzania, jirani zetu, hugawa viti maalum vya wanawake kwa vyama kulingana na kura za ubunge, alimradi chama kimefikisha asilimia 5. Mfumo huo haufidii chama kilichokosa majimbo, lakini unaonyesha kwamba kuhesabu kura kitaifa kunawezekana katika Afrika Mashariki.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema mbunge wa orodha hana mwenyewe. Mbunge wa eneo anajulikana, ana ofisi, na watu humwendea kwa karo na barabara. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana mfumo wa mseto ni bora kuliko kufuta maeneobunge, kwani mbunge wa eneo hubaki, na orodha hufidia tu.

Wapo wanaohofia orodha kuwa soko la ndugu na wafadhili wa vigogo wa vyama. Hofu hiyo ina msingi. Tanzania ilishuhudia wanawake 19 wa CHADEMA wakiapishwa kwa viti maalum Novemba 2020, kisha chama chao kikawafukuza kwa kusema hakikuwateua. Dawa ni sheria inayotaka orodha ipigiwe kura na wanachama, itangazwe mapema, na isibadilishwe baada ya uchaguzi.

Wengine wanaogopa utitiri wa vyama. Hapo kizingiti husaidia. Ujerumani inataka asilimia 5. Kenya inaweza kuchagua kiwango cha chini zaidi, kinachozuia vyama vya mkobani bila kuziba mlango kwa vyama vya kweli.

Na wapo wanaosema viti vya orodha haviondoi chuki. Mnamo Oktoba 2017, wakati wa marudio ya uchaguzi wa urais, majirani wa Kawangware walishambuliana, na mali ikateketezwa. Kugawa viti kwa haki hakungezima moto wa urais peke yake. Lakini mtu anayejua kwamba kura yake itapata sauti hata mgombea wake akishindwa, ana sababu moja pungufu ya kuamini kwamba kushindwa ni kupoteza kila kitu.

La kudai

Hatua ya kwanza si kubwa. Vifungu vya 90, 97 na 177 virekebishwe ili viti vya orodha vigawiwe kwa jumla ya kura za chama. Hatua ya pili ni kuongeza idadi ya viti hivyo ili viweze kufidia, na kutumia orodha zenye majina ya wanawake na wanaume kwa kupishana. Hivyo Bunge lingetimiza pia kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, ambayo halijawahi kuitimiza tangu 2013 na iliyomfanya Jaji Mkuu David Maraga kumshauri Rais alivunje mnamo Septemba 2020.

Katiba inatoa njia mbili. Wabunge na maseneta wanaweza kupitisha marekebisho kwa thuluthi mbili, au wananchi wakusanye saini milioni moja. Wabunge walionufaika na kanuni ya sasa hawatakuwa na haraka. Kwa hiyo mgombea akija kuomba kura, Dagoretti Kaskazini au Kisauni, swali la kumuuliza ni moja: je, utaunga mkono viti vya orodha vifuate kura? Anayekwepa jibu anajua kanuni hii inamfaa nani.